Mizinga Inahamia Mtandaoni

Jumatatu, 12 Mei 2025

Siku ya kwanza kazini. Chama cha wafuga nyuki, ofisi ya vyumba vitatu upande wa stesheni. Mkataba mfupi, kazi moja: kuitoa programu yao kwenye kompyuta ya mezani na kuipeleka mtandaoni. Meneja, Bwana Silasi, amenieleza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Anataka vituo vyote – Igalula, Urambo, Kaliua, Ulyankulu – viingize taarifa zao vyenyewe kwa simu. Sasa hivi vituo hupiga simu Tabora na mtu mmoja ndiye anayeandika.

Huyo mtu mmoja ni Pelagia. Ofisi nzima inamwita Mama Pela. Kompyuta yake ya zamani imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya njano, utadhani kochi la sebuleni. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye begi la laptop, akauliza mimi ni binti wa nani. Wa Bi Batuli, mshonaji, Gongoni. Akasema aa, anamfahamu, aliwahi kumshonea gauni la kipaimara cha mpwa wake. Basi, nikapewa kiti.

Programu yenyewe ni faili. Linaitwa ASALI MPYA SAHIHI. Pembeni yake kuna ASALI MPYA SAHIHI 2. Nikauliza lenyewe ni lipi. La pili, anasema, ila la kwanza lisiguswe, maana la pili linachota humo. Haya!

Jumatano, 14 Mei

Nimeanza kuelewa kilichomo. Kila mzinga una namba, jina la mwenyewe, msitu ulipo, mti ulipotundikwa. Msimu wa kurina asali ukikaribia, programu inachapa vibali vya kuingia msituni. Bila kibali askari wa misitu hakupitishi, hata kama mizinga ilikuwa ya babu yako.

Aliyeitengeneza ni kijana mmoja wa kujitolea, alikuja, akaitengeneza, akaondoka, hajapiga simu tena. Tangu hapo Mama Pela ndiye anayeilea. Anaijua tabia yake. Ikianza kuganda haigusi – anainuka, anakwenda kumsalimu mlinzi getini, akirudi imezinduka. Mimi kwa kiburi changu leo niliibonyeza-bonyeza. Ikazima kabisa. Akanitazama tu.

Tarehe ni balaa. Nusu zimeandikwa siku kwanza, nusu mwezi kwanza. Na sehemu ya mti watu wameweka alama za mkato: “mninga, karibu na mto, ule uliopigwa radi”. Nikihamisha, kila mkato unazaa safu mpya, radi inaangukia kwenye namba ya simu. Nilicheka peke yangu. Mama Pela akauliza nacheka nini, nikamwonyesha, naye akacheka, kisha akasema lakini mti huo kweli ulipigwa radi.

Ijumaa, 16 Mei

Meneja kaniita, kafunga mlango.

Anasema mfumo ukishakaa sawa hakutakuwa na haja ya mtu wa kuingiza taarifa hapa Tabora. “Mama Pela atapumzika.” Kalisema neno hilo kwa upole, kana kwamba mama mwenyewe amelalamika kuchoka. Nisimwambie. Atamwambia yeye mwenyewe siku ya kuwasha, kwa sababu kabla ya hapo tunahitaji ushirikiano wake. Na kazi ikienda vizuri, mkataba wangu utaongezwa, Kigoma nako wanataka kama huu.

Nikasema sawa.

Nyumbani nimemsimulia mama. Hakusimamisha cherehani. Kasema mdomo uliponza kichwa, ninyamaze nifanye kilichonipeleka. Baadaye tukiwa tunakula akarudi kwenye habari ile ile: huyo mama amekula chumvi nyingi, nisimfanye mtoto. Sasa nifuate lipi? Nikauliza. Akaniambia nipitishe mchuzi.

Jumanne, 20 Mei

Mama Pela kanunua simu mpya! Ya kupangusa. Amekuja nayo ndani ya boksi lake, hajaitoa hata karatasi ya kioo. Anasema kama mfumo utakuwa kwenye simu, na yeye lazima awe na simu ya maana. Ameniomba nimwekee “mahali pa kuingilia” kabisa, ili siku ikifika asianze kuhangaika.

Nimemwekea. Nimekaa naye kipindi kirefu. Anabonyeza kioo kwa nguvu kama anabandika muhuri, na kila ukurasa unapofunguka anasema asante – sijui anamshukuru nani. Kaleta matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, tukala na chai. Kanisimulia watoto wawili wa marehemu dada yake anaokaa nao Cheyo, mmoja anamaliza kidato cha nne mwaka huu. Nikainuka kwenda kunywa maji. Nikasema matobolwa yamenikaba.

Ijumaa, 23 Mei

Meneja ana jipya. Kuanzia msimu huu kibali kitatolewa kwa kaya, si kwa mtu mmoja mmoja. Kaya moja, kibali kimoja, mkuu wa kaya mmoja. Ni sawa, ila programu ya zamani haina kaya. Ina majina tu! Kasema nitafute njia, ndiyo maana niko hapa.

Nimeipata. Nina haki ya kujisifu, hakuna anayesoma hapa. Nimeandika kijiprogramu: watu wenye jina la mwisho moja katika kituo kimoja ni kaya moja, mwanaume mwenye umri mkubwa ndiye mkuu. Mimi ni Tunu Mfaume, kaka yangu ni Sadiki Mfaume, baba ni Mzee Mfaume – si jambo gumu. Nimejaribu Igalula, kwao Mama Pela. Kazisoma kaya moja moja kwa sauti, hawa wako hivyo, hawa wako hivyo, wawili tu ndio hapana. Kaliua pia safi, wachache wa kurekebisha.

Ulyankulu hatukusoma. Muda ulikwisha, na kwa hali ilivyokuwa hatukuona haja. “Wewe ni fundi,” kaniambia akivaa kandambili zake za kurudia nyumbani. Nilijinunulia chipsi mayai.

Jumatano, 28 Mei

Seva imekubali. Mizinga yote iko juu. Nimezima laptop, nikafungua kwa simu ya Mama Pela, mizinga ikatokea. Akaniomba nimtafutie mzinga wa baba yake, Igalula. Ulikuwepo, na mti wake, na mwaka. Akautazama muda mrefu. Baba yake amekufa zamani, mzinga uko kwa mdogo wake sasa, ila jina hakulibadilisha kwenye programu na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Akaniuliza kama nitalibadilisha. Nikasema sijaona kitu.

Jumatatu, 2 Juni

Ujumbe wa majaribio umekwenda Ulyankulu. Kila mwanachama kapata kwenye simu: jina lake, mkuu wa kaya yake, mahali pa kuchukua kibali. Zote zimefika, hakuna hata moja iliyogoma. Meneja kanipa mkono.

Jumanne, 3 Juni

Ee Mola!

Asubuhi tumemkuta mzee getini na mkewe, wametoka Ulyankulu usiku. Mzee anaitwa Nestori Niyonzima. Mke ni Spesioza Nduwimana. Hawakutaka maji, hawakutaka kiti. Mzee akaitoa simu ya mkewe, akampa Mama Pela asome kwa sauti. Ndugu Spesioza Nduwimana, mkuu wa kaya yako ni Gervasi Nduwimana.

“Mke wangu amehamia kwa Gervasi lini,” akauliza, “na mimi sina habari?”

Huyo Gervasi si ndugu wala jirani. Anaimba kwaya moja na Spesioza, basi. Na ujumbe ulifika watu wakiwa wamekaa pamoja kusali jumuiya. Spesioza alikaza macho kwenye kalenda ya nyuki iliyotundikwa ukutani. Mzee anasema amecheka na wenzake jana, leo hacheki, kwa sababu wapo waliouliza kama kweli ni kosa la kompyuta. Mke wa Gervasi naye hampikii mumewe tangu jana.

Na bado kuna kibali. Mizinga ya Spesioza inasomeka iko kwa Gervasi. Wakienda msituni, askari atamrudisha.

Nikafungua laptop. Nikaanza kuuliza, mzee akanieleza taratibu kama anayemweleza mgeni njia. Kwao, watu waliotoka Burundi, mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Si la baba. Baba ana lake, mama ana lake, kila mtoto ana lake kutokana na alivyozaliwa. Nduwimana ni “mimi ni wa Mungu”. Watu wa Mungu ni wengi!

Nikaifungua kaya kubwa kuliko zote Ulyankulu. Kaya ya Bukuru. Ukurasa unashuka na kushuka. Nikauliza hawa akina Bukuru ni ukoo gani. Hapo ndipo Spesioza aliposema kwa mara ya kwanza, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka. Bukuru ni pacha aliyetangulia. Aliyefuata ni Butoyi.

Nimewakusanya pacha wakubwa wote wa Ulyankulu nikawaweka nyumba moja. Wadogo zao nimewajengea nyingine.

Alhamisi, 5 Juni

Simu hazijakatika siku mbili. Meneja kaitisha kikao, sisi watatu. Amekasirika kweli, kasema mwenyekiti wa kituo cha Ulyankulu amempigia yeye akiwa kwenye sala ya jioni. Kaweka kalamu mezani, kauliza kaya zile zilipangwa na nani.

Nilifungua mdomo. Nakiri niliufungua polepole.

“Ni mimi, Meneja,” Mama Pela akasema. “Kaya nilizipanga mimi.”

Meneja akamtazama, akanitazama, akaandika kitu. Akasema tutakwenda Ulyankulu Jumapili kupanga upya, na kwamba haya ndiyo matokeo ya kung'ang'ania mambo ya zamani. Sikuelewa la zamani ni lipi hapo. Zamani hakukuwa na kaya.

Nje nikamfuata mpaka kwenye bomba la maji. Nikamwuliza kwa nini. Alikuwa anaosha vikombe, hata hakugeuka.

“Wewe ni wa mkataba, mwanangu. Wanaweza kukutoa kesho. Mimi hapa watanifanya nini? Mimi nimeota mizizi.”

Nilitakiwa kusema wakati ule ule. Nilitakiwa kusema, mama, hapana. Nikachukua kitambaa nikaanza kumkaushia vikombe.

Najichukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Baada ya swala tumekula, nyumba imejaa, kaka Sadiki kaja na wanawe. Mama yangu akasisitiza nimwalike Mama Pela. Alikuja na wale watoto wawili, kavaa gauni – nasema kweli – lile lile alilomshonea mama kwa kipaimara cha mpwa wake, sasa limeongezewa kitenge ubavuni. Mama alilitambua kwa mshono. Wakashikana mikono kama waliopotezana.

Wamezungumza mambo ya Tabora ya enzi zile, nani alikaa wapi. Pilau ameisifia. Mama akanitazama juu ya sinia, jicho moja tu. Nikaenda kuleta maji ya kunawa.

Jumapili, 8 Juni

Ulyankulu. Nimechoka, vumbi mpaka kwenye meno, ila niandike.

Tulitoka alfajiri kwa gari la ofisi. Dereva wetu ni Mzaramo, kwa hiyo njia nzima ni utani, yeye na Mama Pela, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Dereva kamwambia babu zake wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani wakapewa chumvi wakashangilia. Mama Pela kamjibu babu wa Kizaramo ndio waliokuwa wakilia njaa wakisubiri mzigo ufike. Nilicheka nikasahau kilichonipeleka.

Tulisubiri misa iishe. Mwenyekiti akatangaza, na Mama Pela akasimama mbele ya watu wote uwanjani. Akaomba radhi. Akasema amekosea, amewachanganyia nyumba zao, hana cha kujitetea. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na laptop, wanadhani mimi ni msaidizi wa fundi. Kisha bibi mmoja, Esperansi, akasema yeye ana pacha, na anashukuru chama kwa kumtafutia Bukuru wake ndugu wengi kiasi kile, ila kuwalisha hawezi. Uwanja mzima ukacheka. Pakawa pamepona.

Hakuna kijiprogramu leo. Kila familia ilikuja ikasimama pamoja, nikawaandika walivyosimama. Baba, mama, watoto, bibi kama yupo. Majina hayafanani hata mawili, na ni nyumba moja. Mama Pela alikuwa anawapokea, anauliza, ananitajia. Naye alikosea, kuna watu aliwapachika kwa jirani kwa sababu tu walikuja wamefuatana, wakamkatalia. Nestori na Spesioza walikuja mwisho. Wakasimama karibu kabisa, bega kwa bega, na mzee akataka nimwonyeshe kioo mara mbili. Nikaandika. Gervasi na mkewe walikuwa wanatazama kutoka mbali – nao wanaongea, nimeona.

Spesioza alimpa Mama Pela chupa ya asali ya mwaka jana. Hakunipa mimi. Ni haki yake.

Jumanne, 10 Juni

Meneja yuko Dodoma kwenye mkutano. Nilimwandikia ujumbe, nikaufuta. Nikauandika tena. Mwisho nikampigia, afadhali sauti.

Nimemwambia ukweli. Kaya nilizipanga mimi, kijiprogramu ni changu, Mama Pela alinikinga tu. Nikamsikia anasogea kutoka kwenye kelele. Akasema amenisikia, na kwamba alishahisi, kwa sababu Mama Pela hawezi kuandika kijiprogramu. Akanishukuru kwa uaminifu.

Nikauliza basi, inabadilisha nini kwa upande wa Mama Pela. Hakuna, akasema. Kwani kosa ndilo linalomwondoa? Kazi yenyewe imekwisha. Anasikitika, ni mama mzuri, atamfanyia sherehe ndogo. Akarudia nisiseme, akirudi atamwambia mwenyewe kwa heshima zote. Nikamwambia Ulyankulu isingepona bila Mama Pela. Akasema hiyo ilikuwa mara moja tu, sasa kaya ziko sawa.

Na mfumo? Uwashwe Jumatatu kama ilivyopangwa, watu wanataka kurina. Yeye atarudi Jumanne.

Kwa hiyo utawashwa yeye hayupo.

Ijumaa, 13 Juni

Wiki nzima ni mafunzo. Kila kituo kimeteua mtu wa kuingiza taarifa, na anayewafundisha kwa simu ni nani? Mimi najieleza vibaya, nasema bonyeza aikoni ya juu kulia, wananyamaza. Mama Pela anawaambia bonyeza pale kwenye vijiti vitatu kama kuni zilizolala. Wanapata. Yule wa Kaliua anajifunza haraka, ameanza kumwita mwalimu. Mama Pela anafurahi jamani! Kila mmoja akifaulu kuingiza mzinga wake wa kwanza, anapiga meza kwa kiganja.

Leo alipomaliza na wa Urambo alikaa akanyoosha miguu, akasema sasa hawa wakishajua, yeye atapata nafasi ya kufanya mambo ambayo hajawahi kuyapatia muda. Kukagua. Kwenda vituoni. Hajawahi kufika Kaliua miaka yote hii, anaijua kwa simu tu. Nikasema itakuwa vizuri. Kwa nini nilisema itakuwa vizuri!

Nimerudi nyumbani nikamwambia mama siwezi tena. Safari hii cherehani ilisimama. Akasema ninachoogopa ni mkataba, nisijidanganye kuwa ni heshima ya meneja. Ni kweli. Nautaka mkataba ule. Nataka kwenda Kigoma. Nataka mtu aseme mfumo huu ulihamishwa na Tunu Mfaume. Mama kasema hayo yote si dhambi, ila nikumbuke nimekula matobolwa ya nani.

Jumatatu, 16 Juni

Leo ndiyo leo. Naandika hapa hapa mezani ofisini, umeme umekatika.

Tulianza asubuhi. Bekapu ya mwisho, kisha Mama Pela akaizima kompyuta mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Ilichukua muda wake kama kawaida yake, ikagoma kidogo, yeye akainuka akaenda kumsalimu mlinzi. Aliporudi ilikuwa imezima. Akakitoa kile kitambaa cha kufuma, akakikung'uta vumbi, akakikunja, akakitia kwenye mkoba. Kasema kwenye simu hakitatosha. Tukacheka.

Akavuta kiti karibu yangu na simu yake mpya. Nikaanza kuwaandika watumiaji. Mfumo unataka vitu viwili: jina na jukumu. Jukumu unachagua – msimamizi, mwingizaji, mtazamaji. Bila jukumu mlango haufunguki. Igalula, mwingizaji. Urambo, mwingizaji. Kaliua, mwingizaji, akapiga simu pale pale kuwa ameingia, Mama Pela akapiga meza. Ulyankulu wamemteua Spesioza! Nimelipenda hilo. Naye ameingia.

Ikaja zamu ya Tabora. Meneja, msimamizi. Hapo hapo simu yangu ikaingia ujumbe kutoka Dodoma: makao makuu niandike yeye peke yake, asante, kazi nzuri sana, tuongee habari za Kigoma. Nikaigeuza simu kifudifudi.

Mama Pela akadhani nimekwama kwenye jina lake. Akanitajia herufi moja moja, taratibu, kama anavyowatajia vituo. Nikaliandika. Pelagia. Likakaa pale kwenye kioo, na pembeni yake kisanduku kitupu: chagua jukumu.

“Na mimi unaniweka nani?” akauliza.

Nikasema ngoja mtandao. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Na Mungu alivyo, umeme ukakatika nikiwa nalisema, kile kisanduku cha mtandao ukutani kikazima taa zake zote.

Basi. Tumekaa. Mlinzi anasema mtaa mzima hauna. Mama Pela kachemsha chai kwa mkaa nje, kanimiminia, katia asali ya Spesioza. Hajauliza tena. Anapangusa kioo cha simu yake kwa ncha ya kanga. Mara moja tu kasema, bila kuniangalia, kwamba Silasi hakumpigia leo, na kwa siku kama ya leo angempigia. Nikasema labda yuko kikaoni. Kasema labda.

Nimekunywa chai yote. Jina lake bado liko kwenye laptop, betri inashikilia, ila halijahifadhiwa. Naweza kulifuta asione. Naweza kuchagua msimamizi, na Meneja atalikuta kesho akirudi, na Kigoma nitaisikia redioni. Au nigeuke nimwambie yote, kuanzia siku ile mlango ulipofungwa, kabla hajaambiwa na mtu anayemwita amechoka.

Feni imeanza kuzunguka. Kile kisanduku cha mtandao ukutani kimewasha taa ya kwanza.

Mama Pela kaweka kikombe chini. Anavuta kiti.